Petroli ya Bi Mdogo

Mkono wa Kiti, mtia petroli, ulikuwa umekwisha kulishika bomba la supa, ile petroli ya bei ghali. Akainama kidogo, akachungulia dirisha la mbele la ile Peugeot kuukuu ya rangi ya maziwa, akamwona aliyeketi kando ya dereva. Basi akalirudisha bomba mahali pake polepole, kama mtu aliyenyoosha mkono kwenye sahani ya mgeni kwa kughafilika, akahamia pampu ya pili, akachukua bomba la regula, ile ya bei rahisi. Hakuambiwa neno na mtu. Msellem, mwenye gari, alikuwa anatazama mbele kana kwamba nje ya kioo kuna sinema.

Aliyeketi kando ya dereva alikuwa Bi Mejumaa, mkewe mkubwa, mwili wake umejaa kiti chote na buibui lake limejaa mlango. Walikuwa wanakwenda Changamwe kuhani msiba, na kituo hiki cha petroli cha Mwembe Tayari kilikuwa njiani. Mejumaa hakujua kuendesha gari, wala hakuwahi kutaka kujua; lakini mikono ya watu alijua kuisoma. Muuza samaki akimtilia kidole kwenye mizani, yeye hukiona kidole kabla hajamwona samaki.

"Kiti, mwanangu," aliita, akishusha kioo. "Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mkono wako leo umepotea njia?"

Kiti alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto huko Kaloleni, na kazi ya kutia petroli aliifanya kwa adabu zote. Alimtazama Msellem. Msellem akazidi kutazama sinema yake.

"Nilighafilika tu, mama. Nilidhani leo ni ile siku nyingine."

"Kumbe petroli nayo ina siku zake? Kama hedhi?"

Kiti akacheka kicheko cha mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. "Mzee ndiye ajuaye, mama. Mimi ni mtiaji tu."

"Jaza, bwana, twende zetu," akasema Msellem, akakohoa. Wanaume wakishikwa hukohoa. Sijui kuna nini kooni mwao.

Walivuka Makupa. Kule Kibarani taka zilikuwa zinafuka moshi kama kawaida, na harufu ikaingia garini ikaketi kiti cha nyuma. Mejumaa hakupandisha kioo.

"Msellem, supa na regula zatofautiana nini?"

"Bei tu, Mejumaa. Tangu serikali iachie bei za petroli, kila kituo chajipigia bei yake, na supa imepanda hadi kwenye paa."

"Basi mwenye akili hununua ipi?"

"Regula, bila shaka."

"Na siku za Mirriam, huyo mkeo mdogo, akili yako huiacha wapi?"

Msellem alikaza mikono kwenye usukani. Mbwa na kunguru walikuwa wanagombea kitu kwenye lile jaa, nacho alikitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. "Asema regula yamuumiza kichwa," alisema mwisho. "Harufu yake. Na gari likitiwa supa huenda laini. Yule ni mtoto, Mejumaa. Hupenda vitu laini."

"Na mimi kichwa changu ni cha mbao."

Walipofika Changamwe alilia vizuri kuliko wafiwa.

*

Ni lazima ieleweke Mejumaa alikuwa nani Kibokoni. Msellem alipotangaza kwamba ataoa mke wa pili, msichana wa Majengo ambaye angeweza kuwa mwanawe, majirani walikaa madirishani kungoja kilio. Hawakukipata. Mejumaa alikwenda mwenyewe madukani akamchagulia mwenzake leso za arusi, akazitia udi, akazipeleka kwa mkono wake. Halafu akamwita Maalim Shee, aliyefungisha ndoa hiyo, akamtaka mumewe aseme mbele yake maneno machache: kwamba siku atakapompa mmoja kitu akamnyima mwenziwe, na Mejumaa akadai talaka yake, ataipata papo hapo bila ya mabishano. Msellem, ambaye wakati ule angeahidi hata mwezi, aliahidi.

Tangu hapo haki ilikuwa ikipita mlangoni kila siku kama muuza maziwa. Nyama ikinunuliwa ilikatwa mbele ya macho, nusu Kibokoni, nusu Majengo, na mfupa nao ukapata mwenziwe. Mirriam alipoomba feni, feni mbili zilinunuliwa, ingawa nyumba ya Mejumaa ilikuwa ghorofani, madirisha yake yakitazama mlango wa bahari, na upepo uliingia humo bure hata ukapeperusha mapazia. Ile feni ilisimama pembeni ikiwa ndani ya nailoni yake, haijawahi kuzunguka. Mejumaa aliipangusa vumbi kila Ijumaa. Wageni wakiuliza, aliwaambia: "Hiyo si feni. Hiyo ni haki yangu."

Wanawake waliopata wake wenza walikuja kwake kama watu wanavyokwenda kwa daktari. Aliwaketisha mkekani, akawamiminia kahawa, akawafundisha: usilie, usipekue mifuko, usimtukane mwenzako mbele ya mume, pima tu. Wengine waliondoka na faraja. Wengine waliondoka wakisema yule mwanamke ana damu ya samaki. Lakini wote waliondoka wakiamini kwamba kuna mwanamke mmoja katika mji huu aliyeletewa mwenza na hakupunguziwa hata punje. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu yake, na aliivaa kila alipotoka.

Sasa mtia petroli wa Mwembe Tayari alikuwa akimtazama usoni ndipo ajue ni bomba gani la kushika.

Hata hivyo labda angelimeza jambo lile, kwa vile petroli haivaliwi wala hailiwi. Lakini haukupita muda akaletewa maneno. Mirriam alikuwa akisukwa nywele barazani kwao Majengo, na gari la Msellem likakunja kona. Mirriam akawaambia wenziwe wanyamaze wasikilize. "Mwaisikia? Hiyo ni supa," alisema, na kidole chake juu kama mwalimu. "Likija kwangu lanong'ona. Likenda kule Kibokoni kwa bibi yake, hukohoa njia nzima, maana lajua lapelekwa hospitali." Baraza zima lilicheka, na aliyekuja kuyapeleka maneno hayo kwa Mejumaa aliyapeleka huku akiuma leso asicheke mara ya pili.

Mejumaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongeza kahawa. Mgeni alipokwisha kutoka, Mejumaa akavaa buibui, akaenda kwa Maalim Shee, akadai talaka yake.

*

Msellem alifika kwa Maalim akihema. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa kalamu na mihuri, na nusu ya mihuri hiyo ilimfungukia kwa sababu alikuwa mkwe wa nyumba ile ya Kibokoni. Nyumba ilikuwa ya marehemu babake Mejumaa. Wakiachana, atakayeshuka ngazi na sanduku ni mwanamume, na atashuka mchana, mbele ya mabaraza yote.

"Maalim, kwa petroli!" alisema, akipiga mapaja. "Mke aniache kwa petroli! Nitawatazamaje watu?"

Maalim Shee alikuwa mtu mwembamba mwenye pikipiki ya Vespa iliyomsumbua zaidi kuliko wanafunzi wake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimefungua kitabu, mlango wote wa matumizi ya wake," alisema. "Nimeona chakula, nguo, makazi, hata mafuta ya kupaka. Petroli sikuiona. Lakini uliahidi. Kama supa ni bora kuliko regula, basi umempa mmoja kitu ukamnyima mwenziwe, na Mejumaa ana talaka yake. Kama si bora, ni upuuzi, na upuuzi haugawanywi. Kwa hivyo jambo lote ni moja. Supa ni kitu, au si kitu?"

Wakakubaliana aitwe fundi.

Baada ya alasiri walikusanyika ukumbini kwa Maalim. Wanaume walikaa upande wa mlango, na pazia likafungwa katikati, wanawake nyuma yake. Mejumaa alitangulia kufika makusudi ili achague pa kukaa. Alikaa pale ambapo mwangaza wa dirisha ungempiga usoni yule atakayekaa mbele yake. Mirriam alipoingia, mwepesi, amejipulizia marashi, na tabasamu la mtu aliyekuja kutazama mchezo, hakukuwa na nafasi nyingine ila hiyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mwangazani."

Fundi alikuwa Allarakha, mwenye gereji nyuma ya Mwembe Tayari, mzee wa Kihindi, Mkachi aliyezaliwa mjini hapa na kutukana kwa Kiswahili cha hapa. Alifika na tambuu shavuni, akatafuta pa kutema, akakosa, akaamua kuzungumza nayo. Alipenda sana kuitwa shahidi. Alikuwa amevaa koti.

"Maalim, gari la Msellem nalijua kama nijuavyo meno yangu," alisema, "na vyote viwili vimebakia kidogo."

"Twambie juu ya supa, Bwana Allarakha."

"Supa yataka mashine kali. Mashine yenye kuibana petroli kwa nguvu, ukiitia regula yagonga, tak-tak-tak, kama mtu agongaye mlango. Hiyo wapaswa kuitia supa. Lakini hii ya Msellem? Ilikuwa na nguvu wakati Msellem ana nywele." Akanyamaza watu wapate kuvitazama vizuri vichwa vyote viwili, cha Msellem na cha kwake. "Hata ilipokuwa mpya kiwandani haikudai supa. Waitia supa, waitia regula, itakwenda vile vile, itapanda mlima vile vile, itazimika penye taa vile vile. Haipati nguvu, haiwi laini, haijui hata kwamba imetiwa. Ni kumpaka marashi ng'ombe aendaye machinjioni."

Nyuma ya pazia Mirriam alicheka kidogo, kwa pua. Alidhani ni mzaha, na kwamba baada ya mzaha fundi atasema kweli.

"Na mimi nisikiavyo likinong'ona?" akauliza kwa sauti, akisahau adabu ya pazia.

"Hiyo, mwanangu," Allarakha alijibu kwa upole mkubwa, "ni ekzosi. Niliibadilisha mwaka jana."

Maalim aliingilia kati. "Na pikipiki yangu mimi? Maana naitia supa."

"Yako, Maalim, haitaki petroli. Yataka hitima."

Msellem alikuwa amekwisha kunyooka mgongo. Uso wake ulirudiwa na rangi. Akaligeukia pazia, akalihutubia kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Mejumaa, umesikia kwa masikio yako. Supa si kitu. Sikumpa mwenzako chochote. Umekuja kuvunja nyumba kwa sababu ya kitu ambacho hakipo!"

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, na mlio ule ukaenda mbali. Mejumaa alikuwa amefunga macho. Alikuwa amejiandaa kushinda, na alikuwa amejiandaa kushindwa, lakini hakujiandaa kuchekwa. Alihesabu akilini madirisha ya Kibokoni yatakayofunguka kesho. Yule aliyekuwa hapunguziwi hata punje amekwenda kudai hewa. Watamwita Bi Supa mpaka aingie kaburini, na kaburini watalitaja.

Kisha akayafungua macho, na alipoyafungua yalimwangukia Mirriam, naye alikuwa angali anatabasamu.

"Maalim," Mejumaa alisema. "Fundi amesema supa si kitu, nami sina ubishi na fundi. Nina swali moja tu kwa mume wangu. Alipokuwa akiitia, alijua kwamba si kitu, au aliamini ni kitu?"

Allarakha aliacha kutafuna.

Maalim Shee akavua tena miwani. Akaigeuza mkononi kama aliyetumiwa kitu kwa posta bila jina la mpelekaji. "Hilo lina meno," alisema polepole. "Kwa sababu, Msellem, kama uliamini supa ni bora, ukamchagulia mmoja, basi mkono wako ulipendelea, hata kama ulichokishika ni upepo. Ahadi yako imevunjika, na bi mkubwa achukue talaka yake. Na kama ulijua si kitu..." Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na kila mtu aliona ulikoelekea: kwa Mirriam, kwamba alikuwa akidanganywa.

Msellem alilitazama pazia. Lilikuwa la kitambaa kizito cha maua, na nyuma yake walikuwako wake wawili, asijue yupi yuko kulia na yupi kushoto. Akajilamba midomo. Mtu angeweza kumwona akizipima pande mbili: huku nyumba, ngazi, sanduku, mihuri ya bandarini, huku msichana wa Majengo ambaye, hata akinuna, atanuna wiki moja. Hakuchukua muda. Jambo hilo ndilo watu walilolikumbuka baadaye, kwamba hakuchukua muda.

"Nilijua," alisema. "Wallahi nilijua, Maalim. Allarakha mwenyewe alinambia zamani."

"Basi kwa nini ukaitia?"

"Aaa, Maalim! Si kwa ajili ya gari. Yule ni mtoto tu, hupenda kuambiwa. Waambia 'leo nimekutilia supa,' afurahi, acheke, akupikie vizuri, mambo yaende." Akacheka yeye mwenyewe, akiwatafuta wanaume wengine wacheke naye. "Mtoto hupewa kopo tupu akapiga ngoma. Yataka uweke nini ndani?"

Wakati ule ndio Mejumaa aliouvizia. Ndiyo sababu alichagua pa kukaa, akachagua dirisha ambalo jua limeliinamia. Akamtazama Mirriam usoni kwa raha yake yote.

Mirriam hakulia. Lile tabasamu alilokuja nalo lilikuwa lingali pale pale, kwa vile hakuna aliyekuja kuliondoa. Lilibaki usoni kama sahani zibakiavyo mkekani wageni wakisha kwenda. Macho ndiyo yaliyokwisha kuondoka. Yalikuwa yamerudi nyuma, mbali sana, na Mejumaa aliyaona yakienda siku moja baada ya nyingine, yakigeuza kila kimoja alichopewa na kukitazama chini.

"Basi hapana dhuluma," Maalim alihukumu, akifurahi kwamba jambo limekwisha kabla ya magharibi. "Aliyepewa kisichokuwa kitu hakupewa kitu. Ndoa ipo. Lakini ili maneno ya mitaani yazimike, gari litiwe petroli moja siku zote. Bi Mejumaa, wewe ndiwe uliyeudhika. Chagua wewe, supa au regula."

Mejumaa alitengeneza ushungi wake.

"La, Maalim. Mimi sitaki kumharibia mtu. Mambo yaende kama yalivyokuwa. Mimi siku zangu nitiliwe regula, yanitosha. Mirriam siku zake atiliwe supa. Na ijazwe mpaka juu, asipunguziwe."

Halafu Allarakha akapaliwa na tambuu, ikabidi apigwe mgongoni na Maalim, na mpaka alipopandishwa gari lake kurudi gereji alikuwa bado anakohoa na kufuta machozi, akisema kwamba katika umri wake wote hajaona injini kama hiyo.

*

Mji uliufurahia uamuzi huo kama ulivyofurahia sikukuu. Kule Majengo gari likikunja kona, wanawake waliokuwa wakisukwa waliambiana kwa sauti, "Nyamazeni! Sikilizeni! Yanong'ona!" na Mirriam akawa anampokea mume wake mlango ukiwa umefungwa. Msellem naye alikuwa amefungwa na kiapo chake mwenyewe. Kila siku ya zamu ya Majengo alisimama Mwembe Tayari akanunua kwa bei ya juu kitu alichoapa mbele ya maalim kwamba si kitu, na Kiti alimjazia mpaka juu, kama ilivyoagizwa, kwa adabu zote.

Kibokoni mkeka wa Mejumaa ulijaa kuliko zamani. Walikuja hata wasio na wenza. Walimtaka awasimulie, naye akawasimulia, akipunguza pale palipohitaji kupunguzwa. Akifika mahali pa "ijazwe mpaka juu," walipiga vigelegele.

Usiku wa kwanza wa zamu ya Mejumaa baada ya hukumu ile, Msellem alikuja na kikuba cha asumini, akamwekea kwenye mto wa kitanda. "Mejumaa," alimwambia, akivua kofia, "wewe ndiwe nyumba yangu. Wengine wote ni njia." Maneno hayo alikuwa akimwambia tangu ujana wao, kila alipokosea na mara nyingine bila kukosea, na Mejumaa aliyapokea siku zote kama mtu apokeavyo chenji bila kuihesabu. Safari hii alilala macho wazi, harufu ya asumini ikimjaa puani. Sauti ile ilikuwa ni ile ile. Hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Aliposema "nilijua" pale ukumbini, na aliposema "wewe ndiwe nyumba yangu," hakuibadilisha hata kidogo. Zote zilitoka laini, na zote zilikuwa na faida yake ndani.

Yeye aliyepima nyama, sukari, leso na zamu, akapima mpaka upepo wa feni, alitambua gizani kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akihakikisha wanapewa sawasawa. Kupewa nini, hakuwahi kuuliza.

Asubuhi alivua bangili aliyopewa na Msellem siku ya arusi yao, akaifunga kwenye leso, akaenda kwa sonara ipimwe. Alisimama mlangoni. Sonara, kijana wa Kibohora mwenye kofia ya dhahabu na nyeupe, aliinua kichwa kutoka kwenye mizani yake midogo.

"Karibu, Bi Mejumaa. Wauza au wanunua?"

Ile mizani ilikuwa inacheza taratibu, sahani zake mbili zikipanda na kushuka, ikitafuta mahali pa kutulia. Mejumaa aliitazama mpaka ikakaribia kutulia.

"Napita tu, mwanangu," alisema, akaenda zake na fundo lake mkononi.

*

Mirriam alikuja mchana, siku ambayo hakutazamiwa, akapanda ngazi bila kubisha hodi zaidi ya moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikanyaga nyumba ya Kibokoni. Hakuwa amejipulizia marashi. Aliikubali kahawa, akaketi mkekani mahali wanapoketi wale wanaokuja kufundishwa, miguu ameikunja, uso ameuinamisha, na Mejumaa alipomwona hivyo moyo ukamlainika kwa namna ile moyo unavyolainika mbele ya mtu aliyeshindwa.

"Sikuja kugombana, dada," Mirriam alisema.

"Hata ungekuja, mwanangu, humu hamna wa kugombana naye."

"Nimekuja kuuliza. Watu wote waja kwako kuuliza."

"Uliza."

Mirriam alizungusha kikombe mkononi. "Wewe umekaa naye miaka mingi. Mimi nimekaa naye kidogo, na nikawa najua, wallahi, nikiapa kwamba najua. Nilikuwa nikisikia kwa masikio yangu." Akakizungusha tena. "Sasa nambie, dada. Wewe umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Alivyokupa wewe. Umejuaje kama ni kitu?"

Mejumaa alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo siku zote. Lilikuwa likija lenyewe kabla muulizaji hajamaliza, na wanawake walishuka nalo ngazi wakilirudia njiani. Alilingoja. Alilingoja tena. Upepo uliingia, ukayainua mapazia, ukayashusha. Mirriam alikuwa ameuinua uso sasa, na Mejumaa akaona kwamba yule msichana amekaa kisogo chake kimeelekea dirishani, na kwamba mwangaza wote wa mchana ule unampiga yeye, Mejumaa, usoni.

"Sijui," alisema.

Hakuna mtu Kibokoni aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na hata yeye lilimtoka na sauti ya mtu mwingine.

Mirriam alimtazama kwa utulivu, kwa raha yake yote, mpaka aliporidhika. Akanywa kahawa yake, akakiweka kikombe chini bila kukifanyia kelele. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa; kilikuwa kidogo, kitamu, cha mtu aliyekuja sokoni kutafuta kitu kimoja na akakipata.

"Ahsante, dada," alisema, akifunga buibui. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Viatu vyake vilishuka ngazi, kidato kwa kidato, bila haraka. Mejumaa alibaki mkekani. Alisikia mlango wa chini ukifunguliwa, akasikia kile kicheko kikitoka kichochoroni na kupita chini ya dirisha lake, na mtu fulani barazani akiuliza, "Kuna nini, Mirriam, twambie nasi tucheke." Hakusikia kama alijibiwa. Aliegemeza mgongo ukutani akakingoja kicheko kile kiishe, nacho kikawa kinakwenda, kikikunja kona, kinakwenda tu.